Supu ya Masista na Kidari cha Mzee Ireri

Kabla hamjaniuliza kipimo cha chumvi, vijana wangu, jueni kwamba supu hii ilibaki kidogo tu inivunjie ndoa ya binti yangu. Kila wiki mmoja wenu ananipigia simu: "Mama Makena, tuandikie ile supu ya masista, ile ya vitonge vya nyama na mboga." Nitaiandika. Lakini nikiwapa kipimo bila kisa mtakosea pale pale nilipokosea mimi, na bahati kama yangu haigawiwi sokoni. Leo ninaandika nikiwa nimepumua. Makena ameolewa, chai iko mezani, na usingizi naulala wote.

Nilipika katika nyumba ya masista wa Kitaliano huku kwetu Imenti miaka thelathini na mmoja. Niliingia kama msichana wa kuosha sufuria, nikatoka na miwani na goti bovu. Aliyenifundisha ni Sista Ornella, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkulima, aliyekuwa akijipikia mwenyewe mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, kwa hiyo hata alipokukemea ulihisi kama unabarikiwa.

Siku ya kwanza kuachiwa jiko niliambiwa nipike supu hiyo. Mimi nikafanya kama mama yangu alivyonifundisha: kitunguu kwenye mafuta, nyanya, unga wa mchuzi wa pakiti. Sisi watu wa huku bila kukaanga kitunguu tunaona hatujaanza kupika. Nyama ya kusaga nikaifinyanga hivi hivi, bila kitu cha kuishikilia, nikaitumbukiza kwenye maji yanayotokota kwa fujo. Nilipofunua sufuria sikukuta kitonge hata kimoja. Nilikuta uji mwekundu wa nyama.

Nikaupakua hivyo hivyo. Masista sita wakala kimya, wakashukuru, wakaondoka. Sista Ornella akabaki na kijiko chake.

"Karimi," akasema, "Bwana alisamehe mengi. Hili utalirudia kesho."

Kesho yake tukarudia pamoja. Akanifundisha kuloweka mkate mkavu kwenye maziwa, kuukamua kwa kiganja, kisha kuuchanganya na nyama, yai, kitunguu kilichokunwa, chumvi na jibini ngumu aliyokuwa akitumiwa na ndugu zake. Ukishachanganya, unakaanga kitonge kimoja kidogo, unakionja kabla ya kuharibu vingine mia. Hili la kuonja msiliruke. Mtu anayetia chumvi kwa kukisia ndiye huyo huyo anayewaambia wageni kwamba chumvi iliteleza.

Nikauliza kitonge kiwe kikubwa kiasi gani. Sista akatazama nje, kwenye mibuni yetu, akatoka akachuma tunda moja lililoiva, akaliweka kwenye ubao mbele yangu. Tangu siku hiyo sijapima kwa kitu kingine. Wengi wenu mmechuma kahawa mkiwa wadogo, vidole vyenu vinajua. Kitonge cha ukubwa wa tunda la kahawa huenea kwenye kijiko pamoja na mchuzi na jani la mboga. Kikubwa zaidi ya hapo kinataka uma, na supu inayotaka uma si supu tena.

Mboga ndiyo iliyotusumbua zaidi. Kwao hutumia aina ya saladi chungu ambayo hapa haipo. Aliletewa mbegu kwenye bahasha, tukapanda nyuma ya jiko, zikaota vizuri sana, kuku wa jirani wakazimaliza. Tukajaribu sukuma wiki, ikawa ngumu. Kabeji ikaifanya supu iwe tamu kama ya mtoto. Spinachi ikayeyuka. Siku moja nilikuwa nimejichemshia managu yangu ya mchana, yaani mnavu, Sista akapita, akachovya kidole, akasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni managu, Sista. Ni ya sisi wafanyakazi."

"Kwa nini mnanificha?"

Hivyo ndivyo managu ilivyoingia kwenye meza ya masista. Unaichemsha kwanza, unamwaga maji ya kwanza, lakini usimwage ya pili, maana uchungu kidogo lazima ubaki. Nusu managu, nusu terere, yaani mchicha, na yote inaingia mwishoni wakati vitonge vimeiva. Jibini ya ndugu zake ilipokoma kufika, tukazoea kukaanga makombo ya mkate mpaka yawe ya rangi ya kahawia, tukayanyunyiza juu.

Masista hawakuila peke yao. Kila mama aliyekuja kusaidia jikoni siku za sikukuu aliondoka nayo kichwani, na akifika kwake anaifanyia anavyotaka. Akili ni nywele. Rafiki yangu wa Mitunguu aliondoa tambi ndogo ambazo masista hutia humo, akaweka ndizi mbichi zilizokatwa vipande vidogo. Mwingine aliolewa Timau, kwenye baridi ile, akaweka ngano nzima iliyolowekwa tangu jana yake, na mtu akila bakuli moja anaweza kulima mpaka jioni. Laare kuna mama anayeiuza kwa vikombe kwa wanaofunga miraa, na pilipili anayotia humo ingewafanya masista waungame upya. Sista Ornella aliambiwa habari ya ndizi, akaletewa, akaonja.

"Hii si supu yetu," akasema. "Nipe bakuli lingine."

Kuna somo moja zaidi la nyumba ile ambalo halihusu mapishi, na ndilo lililoniokoa baadaye. Masista wakizeeka hawasemi kwamba meno yameisha. Husema, "Leo sina njaa." Husema, "Mpe kijana, yeye anakua." Nilijifunza kumtambua mtu wa namna hiyo kabla hajafungua mdomo: anachagua upande wa kutafunia, anachovya mkate kwenye chai mpaka ulegee kabisa, na nyama anaisifu sana bila kuipunguza. Nikimwona nilikuwa nabadilisha chakula kimyakimya. Kumwambia mtu mzima mbele ya wenzake kwamba hana meno ni kumvua nguo.

Basi, nikastaafu. Makena, kitinda mimba wangu, akapata mchumba, kijana anaitwa Njue, kwao ni Mbeere, kule Embu ya chini kwenye jua na mbuzi. Kijana mzuri, anasalimia kwa mikono miwili. Watu wake wakaja kwetu kuanza maneno ya posa, na msemaji wao alikuwa mjomba wake, Mzee Ireri, mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia asiyoivua ila kwa maombi.

Huku kwetu, na kwao pia, mbuzi hakatwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Kuna cha wazee, kuna cha kina mama, kuna cha wasichana, na ukimpa mtu kipande kisicho chake umemtukana bila kufungua mdomo. Koo hutofautiana, lakini kwa akina Njue kidari ni cha msemaji. Anawekewa mbele yake, anakila, anasema, "Tumekula." Asiposema neno hilo, maneno ya posa hayafunguki.

Siku hiyo ya kwanza Mzee Ireri aliwekewa kidari kilichochomwa vizuri. Akakisifu. Akakata kipande kama ukucha, akakizungusha mdomoni muda mrefu, akachukua leso, akapangusa midomo. Kisha akakifunga kidari kizima kwenye karatasi. "Kuna wajukuu nyumbani," akasema. Tukaongea habari za mvua, tukaongea bei ya ndengu, wakaondoka. "Tumekula" hatukulisikia.

Makena alinikuta jikoni akiwa na macho mekundu.

"Mum, huyo mzee hata hakuguza nyama. Ametukataa."

"Hajatukataa."

"Sasa kama hajatukataa ni nini? Njue anasema uncle akienda mara mbili bila kukula, harudi ya tatu. Hiyo imeisha."

Nikamuuliza kama aliona jinsi Mzee Ireri alivyokunywa chai. Akanitazama kama mtu anayeona mama yake ameanza kuchanganyikiwa. Lakini mimi nilikuwa nimeona. Mkate aliuchovya mpaka ukalegea. Niliyajua meno yale, au tuseme nilijua kwamba hayapo.

Nikamwambia mume wangu kwamba safari ya pili tutapika supu ya masista. Sikumwambia kwa nini. Siri ya mdomo wa mtu si ya kutangaza hata kitandani. Baba Makena akakuna kichwa.

"Wazee wa Mbeere na supu ya Wazungu?"

"Watakula. Mimi nimelisha maaskofu."

"Askofu hajakuja kuomba msichana," akasema.

Safari ya pili ilipofika, Baba Makena alichinja mbuzi wawili. Mmoja akanikabidhi. Nikatoa mifupa kwa ajili ya mchuzi, na nyama yote nikaipeleka kwenye buchari yenye mashine. Shingo, paja, mbavu, kidari, vyote vikaingia juu vikatoka chini vikiwa kitu kimoja. Mbuzi wa pili Baba Makena alimkatakata kwa desturi, na vipande vya wageni kwenda navyo nyumbani akavitundika stoo. Nilimcheka kwa kutoniamini. Leo simcheki.

Mmeshaona kosa langu? Mimi sikuliona. Miaka thelathini na mmoja nimepikia watu wasiojua kidari ni cha nani, nikasahau kwamba mimi ninajua. Sista angefanya kosa lile tungemsamehe, ni mgeni. Lakini mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu mwenyewe alikuwa mgawaji wa nyama.

Supu ilitoka nzuri kuliko siku zote. Mchuzi safi, vitonge sawasawa, managu ya kijani kibichi. Nikaipeleka mwenyewe kwenye hema nyuma ya nyumba. Mzee Ireri akaitazama, akachota kitonge, akakiinua, na niliona koo lake likimeza mate. Kisha akakirudisha.

"Mama Makena," akasema kwa upole. "Hii nyama ni ya wapi kwa mbuzi?"

Nikatazama bakuli lake. 

"Nauliza tu. Ni paja? Ni shingo?"

"Mzee, ni... ni ya mbuzi mzima. Imesagwa."

Akaweka kijiko chini, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nimetumwa na watu," akasema. "Nyama haina jina, siwezi kuikula kwa niaba yao. Nikirudi wataniuliza walipewa nini, nitasema nini?"

Wazee wengine nao wakaweka vijiko chini. Njue akainamisha kichwa. Makena alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa mikono, na sikuthubutu kumtazama. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Pale wazee walikuwa tisa, na neno lilikuwa linaharibika mbele yangu, tena kwa mikono yangu. Nilijisikia mjinga, vijana wangu, na niliogopa sana. Nilikuwa nimekuja kumfichia mzee aibu yake, nikamwekea nyingine kubwa zaidi mezani.

Nikaenda stoo kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Nilitaka kulia kidogo kisha nirudi. Kidari kilikuwa kinaning'inia mbele ya uso wangu, kizima, kimetundikwa na mume wangu asiyeniamini.

Nikakitoa. Nikakiweka kwenye jani la mgomba juu ya sinia, nikachukua ubao na visu vyangu viwili, nikarudi hemani, nikavipanga vyote mbele ya Mzee Ireri.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Kidari."

"Ni cha nani?"

Akatazama kulia na kushoto. "Kama niko kwa hii nyumba kama msemaji, ni changu."

"Nikikikata vipande vidogo hapa mbele yako, kitakuwa cha mtu mwingine?"

 Alikivuta kidevu, akawatazama wenzake, na mzee mmoja wa upande wetu akakohoa. Mzee Ireri akasema, "Shamba langu nikilikata ploti, bado title ni yangu." Wazee wakacheka, wa kwao na wa kwetu. "Kata, Mama. Lakini nikiona."

Nikakata akiona. Kabla ya mashine Sista Ornella alinifundisha kusaga kwa visu viwili, kimoja kila mkono, vinapanda na kushuka kwa zamu huku ukikusanya nyama katikati kwa ubapa wa kisu. Ni kazi ya nusu saa kwa kidari cha mbuzi, maana kina gegedu na ngozi nyembamba ambazo lazima uzitoe. Bega langu liliuma. Jasho likanitoka. Wazee wakaanza kusogeza viti ili waone vizuri, mmoja akanionyesha gegedu niliyoiacha, mwingine akasema mama yake alikuwa akiwasagia watoto wagonjwa hivyo hivyo kwa panga. Hema likapata sauti tena. Makena akaleta mkate uliolowa na yai bila kuambiwa, akainama kando yangu akaanza kufinyanga. Kila kitonge kilitoka sawa na tunda la kahawa.

"Na huo mchuzi?" Mzee Ireri akauliza.

"Mchuzi ni wa mifupa, Mzee. Mchuzi ni wa wote."

Akatikisa kichwa kukubali. Vile vitonge vya kwanza vya mbuzi asiye na jina tuliwapa vijana waliokuwa nje, na walivimaliza bila kuuliza swali lolote.

Hivi vipya vilipoiva kwenye mchuzi, nikamwekea bakuli. Vitonge vya kidari chake, vyote, na mboga kidogo. Akala cha kwanza. Akafumba macho. Akala cha pili, cha tatu. Alipofika chini aliinua bakuli kwa mikono miwili akanywa mchuzi mpaka tone la mwisho. Kisha akavua kofia, na hakuna maombi yaliyokuwa yameanza.

"Tumekula," akasema.

Nilishika nguzo ya hema.  Makena aliingia ndani haraka na jagi lake, nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa, na nilijua safari hii analia kilio kingine. Baba Makena alinitazama kutoka upande wa pili, akainua kidole kimoja kuelekea stoo, na tangu siku hiyo kila nikibishana naye anainua kidole hicho.

Mengine mnayajua, maana wengi wenu mlikula kwenye harusi. Kama mtapika supu hii nyumbani, tumieni mashine mkitaka, mimi si mtu wa kukataa umeme. Lakini mkipikia watu, kwanza ulizeni ni watu gani, na kila mmoja wao anategemea kuona nini kwenye sahani yake. Mimi ilinichukua miaka thelathini na mmoja na mbuzi wawili kulijua hilo.

Jambo moja limebaki, na Mzee Ireri mwenyewe ameniruhusu kulisema. Siku hizi ana meno ya kubandika, ambayo hukaa zaidi mfukoni kuliko mdomoni, na kisa hiki anakisimulia kwenye kila mkutano. Lakini siku ile hakuna aliyejua ila mimi.

Wazee walipoanza maneno yao niliingia jikoni kuosha visu. Nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa Mzee Ireri, na bakuli tupu mkononi. Mzee wa heshima zake haji jikoni kwa watu, na yeye alijua hivyo, kwa sababu alisimama nusu ndani nusu nje.

"Mama Makena," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka minne napewa kidari kila mahali naenda. Nakifunga kwa karatasi, napelekea wajukuu. Watu wote kule kwetu wanasema Ireri ni mkarimu." Akatazama chini kwenye bakuli. "Si ukarimu. Ni meno."

"Najua, Mzee."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya chai."

Aliligeuza bakuli mikononi. Nilidhani nimemuudhi. Kisha akaninyooshea bakuli, kama mtoto anavyomnyooshea mama yake, akauliza kama imebaki. Nikamvutia kiti karibu na jiko, nikamjazia mpaka juu, nikafunga mlango ili atafune anavyoweza, bila kutazamwa na mtu.